Bili ya Mama Nafula

Kengele ya mwisho ilipolia, wanafunzi wa Gredi ya Sita walitoka langoni kwa makundi. Kundi moja lilishika njia ya kwenda sokoni, jingine lilivuka barabara kuelekea nyumba za kupanga zilizo nyuma ya hospitali. Chepng'etich hakuwa na kundi. Alikaza kamba za mkoba wake, akatembea peke yake hadi kwenye jengo la ghorofa lililo karibu na mahakama. Huko alipanda ngazi mpaka ofisi ya Wakili Makhanu, ambako mama yake, Jepkemboi, alikuwa karani.

"Umefika?" mama aliuliza kama kila siku, macho yakiwa kwenye kompyuta.

"Nimefika."

"Kuna chai kwenye chupa."

Chepng'etich aliingia katika chumba kidogo cha faili. Kati ya makabati ya chuma palikuwa na stuli na dirisha dogo, na hapo ndipo alipofanya kazi ya nyumbani akimngoja mama amalize kazi. Alasiri nyingi mvua ilinyesha. Aliisikiliza ikipiga mabati ya duka la chini, akawatazama watu wakikimbia na magazeti kichwani. Mara nyingine aliona wanafunzi wa shule yake wakijikinga pamoja chini ya mwavuli mmoja, wakisukumana na kucheka. Wao hawakujua kwamba mtu anawatazama.

Walikuwa wamehamia mji wa Kakamega mwezi wa Januari. Kabla ya hapo waliishi Lugari, katika shamba la mahindi la baba. Mama alipopata kazi mjini, baba na kaka yake, Kipng'etich, walibaki kulima. Walipiga simu kila Jumapili jioni. Baba aliuliza habari za masomo, Kipng'etich akasimulia habari za ng'ombe, kisha salio likaisha. Simu ilipokatika, chumba chao cha kupanga kilionekana kimya kuliko kabla haijalia.

Shuleni hakuna aliyemtendea vibaya. Kama wangemwonea, angalau angekuwa na la kulalamikia. Lakini wenzake walikuwa wamejuana tangu chekechea. Walitaniana kwa Kiluhya, na walipocheka yeye alicheka baadaye kidogo, bila kujua anacheka nini. Wakati wa chakula cha mchana alikaa karibu na bomba la maji, mahali ambapo mtu akiwa peke yake huonekana kama anangoja zamu ya kunawa.

Siku moja msichana mrefu mwenye sauti nzito alikuja akaketi kando yake. Alikuwa Nafula, wa darasa lake.

"Yale waliyosema asubuhi hayakuwa hata ya kuchekesha," Nafula alisema. "Usijisumbue kucheka."

Chepng'etich alimtazama kwa mshangao, kisha akacheka kweli. Tangu siku hiyo walikula pamoja, na Mwalimu Ochieng alipopanga upya madawati, Nafula aliomba waketi dawati moja.

Jumamosi moja Nafula alimwalika kwao. Nafula na mama yake walikaa nyuma ya soko, katika nyumba ya vyumba viwili yenye banda la kuku uani. Mama yake alinunua kuku katika soko la Lubao siku za mnada, akawauza mjini. Baba yake Nafula alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Mama Nafula alikuwa mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye leso iliyofungwa kiunoni.

"Leo kuna mgeni," alisema huku akipakua. "Na mgeni wangu hali ugali na kuku. Anakula obusuma na ingokho. Hebu sema."

"Obusuma," Chepng'etich alisema taratibu. "Ingokho."

Nafula alicheka hadi akashika mbavu, kwa sababu neno la pili lilitoka likiwa na lafudhi ya Kinandi. Chepng'etich alicheka pia. Safari hii alijua watu wanacheka nini, na chakula kikawa kitamu zaidi.

Walipomaliza kula, Mama Nafula alitulia. Alisema anaomba wamwombee, kwa sababu ana shida. Marehemu mumewe aliacha shamba dogo la miwa huko Matungu. Sasa Barasa, ndugu wa marehemu, alikuwa ameanza kulilima. Alisema mjane anayekaa mjini hana sehemu kijijini.

"Nimefikiria kutafuta wakili," alisema. "Lakini mawakili naogopa. Wanakulipisha hata salamu."

Chepng'etich alikumbuka jambo. Ijumaa moja alikuta watu wamejaa kwenye ngazi za ofisi, na akamsikia mama akimwambia mzee mmoja, "Leo hulipi kitu, mzee wangu. Ingia tu." Hakuuliza ni kwa nini. Lakini sasa, akiwa ameshiba katika nyumba hiyo yenye joto, alitamani sana kuwa na kitu cha kuwapa watu hawa.

"Mama yangu anafanya kazi kwa Wakili Makhanu, karibu na mahakama," alisema. "Kumwona mara ya kwanza ni bure."

Mama Nafula aliinua kichwa. "Bure? Una hakika?"

Hakuwa na hakika. Lakini Nafula alikuwa akimtazama kwa fahari, kama mtu aliyemleta nyumbani rafiki wa maana.

"Nina hakika," Chepng'etich alijibu. "Nitamwambia mama akungoje."

Hakumwambia. Mama alikuwa amemkataza kabisa kuzungumza mambo ya ofisi nje ya ofisi. Chepng'etich aliogopa kukaripiwa, akaahirisha leo na kesho, mpaka Nafula akamjia mbio wakati wa mapumziko akiwa amejaa furaha.

"Mama alienda! Alikuta karani hayupo, lakini wakili mwenyewe alitoka akamwita ndani. Amemweleza kila kitu. Wakili amesema mjane na watoto wana haki, na Barasa hawezi kuwafukuza hivyo tu. Jana mama alipika akiimba."

Nafula alimkatia nusu ya parachichi lake, ile nusu kubwa. Chepng'etich alikula akijisikia mwepesi. Alijiambia kwamba mambo yamekwenda sawa, basi hakuna haja ya kumweleza mama.

Wiki iliyofuata, Nafula aliingia darasani akapita bila kumsalimu. Aliketi, akafungua kitabu, akakaa akikitazama bila kugeuza ukurasa.

"Kuna nini?" Chepng'etich alinong'ona.

"Mama ametumiwa ujumbe kwenye simu. Anadaiwa shilingi elfu tatu. Ada ya ushauri wa kwanza." Nafula hakuinua sauti, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Hiyo ndiyo pesa yake ya kununulia kuku. Akilipa, haendi Lubao wiki hii. Ulituambia ni bure."

Maneno ya kweli yalikuwa mafupi, lakini hayakutoka. Yalitoka mengine.

"Labda ni kosa la ofisi," alisema. "Labda mama yangu alisahau kuandika kwamba ni bure."

"Mama yako alisahau?"

"Labda."

Nafula alimtazama kwa muda, kisha akarudi kwenye kitabu chake. Wakati wa chakula cha mchana alikwenda kula na wasichana wengine. Kesho yake alimwomba Mwalimu Ochieng ruhusa ya kuhamia dawati la mbele, akisema haoni ubao vizuri. Chepng'etich alijua anauona.

Siku zilizofuata zilikuwa ndefu. Nafasi iliyokuwa ya Nafula ilibaki wazi, na mkoba wa Chepng'etich ukaketi hapo badala ya mtu. Alirudi kula karibu na bomba la maji. Mwanzoni mwa mwaka hakuwa na rafiki, na alivumilia. Sasa alikuwa na mtu wa kumkosa, na hilo lilikuwa jambo jingine kabisa. Alimsikia Nafula akicheka upande wa pili wa uwanja, kwa ile sauti yake nzito, akajua kicheko hicho kinaendelea vizuri bila yeye.

Nyumbani mama alimuuliza, "Mbona Nafula hatajwi siku hizi?"

"Yupo," Chepng'etich alijibu, akaendelea kuosha sahani ambayo tayari ilikuwa safi.

Alitaka kusema. Lakini alijua kwamba mama alikuwa bado katika miezi ya majaribio kazini. Mwisho wa mwezi Wakili Makhanu angeamua kama atamwandika kazi ya kudumu au atamwacha. Kila usiku mama alipiga pasi ile sketi yake moja ya kijivu kwa uangalifu mkubwa. Chepng'etich alimtazama akapata sababu nyingine ya kunyamaza.

Alhamisi jioni alikuwa kwenye stuli yake katika chumba cha faili, akifanya hesabu za sehemu, aliposikia mtu akibisha hodi kwenye mlango wa ofisi.

"Karibu, mama," mama yake alisema.

"Asante. Mimi ndiye yule mliyenitumia deni."

Penseli ya Chepng'etich ilisimama. Ilikuwa sauti ya Mama Nafula, ila ule uchangamfu haukuwamo.

"Keti tafadhali," mama alisema. "Jina lako nani, nikutafutie faili?"

"Sihitaji faili. Nimekuja kusema kwamba deni hili silikubali. Mimi silalamikanga ovyo. Nauza kuku; mtu akinidai haki yake, namlipa. Lakini niliingia hapa nikijua mara ya kwanza ni bure. Kama ningejua kuna malipo, nisingeingia. Ningerudi nikajipange kwanza."

"Pole sana, mama. Ni nani aliyekuambia ni bure?"

Katika chumba cha faili, Chepng'etich aliinamisha kichwa juu ya daftari.

"Niliambiwa," Mama Nafula alisema.

Mlango wa ndani ulifunguka, na Wakili Makhanu akatoka. Alikuwa mtu mrefu mwenye mvi, asiyependa maneno mengi. Alimsalimu Mama Nafula kwa mkono, akasikiliza malalamiko yake tangu mwanzo bila kumkatiza.

"Mama," alisema alipomaliza, "ofisi hii hutoa ushauri wa bure siku moja tu, Ijumaa ya mwisho ya kila mwezi. Siku nyingine watu hulipa. Wewe ulikuja Jumanne. Aliyekuambia ni bure ni nani?"

"Ni mtu ninayemwamini. Nisingependa kumtaja."

"Ni mtu wa ofisi hii?"

Mama Nafula alisita. "Nimesikia tu kwamba huenda karani alisahau kuandika."

Hayo yalikuwa maneno ya Chepng'etich mwenyewe. Yalitoka kinywani mwake darasani, yakaenda na Nafula hadi nyumbani kwao, na sasa yalikuwa yamefika hapa, mbele ya mwajiri wa mama.

"Jepkemboi?" Wakili alimgeukia mama.

"Hapana, Wakili." Sauti ya mama ilikuwa na heshima. "Huyu mama sijawahi kuzungumza naye mpaka leo. Jumanne hiyo asubuhi nilikuwa mahakamani, ulinituma kupeleka zile karatasi. Nilikuta jina lake kwenye kitabu cha wageni, nikatuma bili kama ulivyonifundisha."

"Lakini mtu fulani amemwambia habari za bure, na si wengi wanaozijua nje ya hapa. Hujamwahidi jirani? Au mtu wa kanisani?"

"Sina jirani ninayezungumza naye, Wakili."

Mama alisema hivyo kama mtu anayejibu swali la kawaida tu. Lakini Chepng'etich aliyasikia maneno hayo, na yakamwuma kuliko yote yaliyotangulia. Hakuwa amefikiri kwamba hata mama hana mtu. Alidhani mama, kwa kuwa ni mtu mzima na ana ofisi na simu inayolia siku nzima, hawezi kuwa peke yake.

Angeweza kubaki pale kwenye stuli. Mama Nafula hakuwa amemtaja, na ilionekana wazi hangemtaja. Wakili hakukumbuka kwamba kuna mtoto nyuma ya mlango. Kitu pekee kilichohitajika ni yeye kuendelea kunyamaza, na kunyamaza alikuwa amezoea.

Alisimama. Stuli ilikwaruza sakafu. Alisukuma mlango, akatoka akiwa bado ameshika penseli.

"Ni mimi," alisema.

Wote watatu walimgeukia. Mama aliinuka nusu kutoka kwenye kiti chake. "Chepng'etich, rudi ndani. Watu wazima wanazungumza."

"Mimi ndiye niliyemwambia ni bure, Wakili. Niliona watu wasiolipa Ijumaa moja, nikadhani ni siku zote. Sikumuuliza mama. Halafu binti yake, Nafula, aliponiambia kuna deni, nikasema labda mama alisahau. Hakusahau. Nilitunga."

Mama alikaa tena polepole. Hakumtazama Chepng'etich, alitazama mikono yake iliyokuwa juu ya meza.

"Ulijua ni yeye?" Wakili alimuuliza Mama Nafula.

"Nilijua ni yeye aliyeniambia ni bure," Mama Nafula alijibu. "Sikutaka kumtaja kwa sababu najua alitaka kunisaidia. Lakini kuhusu karani kusahau, hilo niliamini ni kweli. Dada," alimgeukia mama, "nisamehe kwa hilo. Nimekusingizia mbele ya mkubwa wako."

"Si wewe uliyenisingizia," mama alisema kwa sauti ya chini.

Wakili Makhanu alivuta kiti cha wageni akaketi, magoti yake yakawa karibu kufika usawa wa meza.

"Sikiliza, binti," alisema. "Ushauri ni kazi, na kazi hulipwa. Mama huyu anapouza kuku, hamwambii mteja amchukue kuku bure kwa sababu ni wa kwanza siku hiyo. Umeelewa?"

"Ndiyo, Wakili."

"Lakini mama huyu pia anapouza kuku, hamfungii mteja kuku kwenye kikapu, akamwacha aende, halafu akamtumia bei baada ya wiki." Aliguna, akajipapasa kidevu. "Hicho ndicho nilichofanya mimi. Jepkemboi hakuwepo. Nilimwita mama ndani mwenyewe, na sikumwambia ada ni kiasi gani. Nilidhani anajua. Mtu ana haki ya kujua gharama kabla ya kuketi, ili akitaka kuondoka aondoke. Kwa hiyo deni hili sitalidai. Jepkemboi, lifute, umtumie ujumbe kwamba limefutwa, asije akalala na wasiwasi."

"Sawa, Wakili."

"Na uandike bei kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, pamoja na siku ya bure. Bandika mlangoni. Ilipaswa kuwepo tangu zamani." Alimgeukia Mama Nafula. "Jambo lako la Matungu lina uzito, mama, usiliache. Njoo Ijumaa ya mwisho na vyeti vya marehemu, tutaanza pale."

Mama Nafula alimshukuru. Alipokuwa akitoka alimgusa Chepng'etich begani kidogo. Chepng'etich hakujua kama mguso ule ulikuwa wa msamaha au wa kumwonea huruma tu.

Walipofunga ofisi mvua ilikuwa imeacha kunyesha. Mama na binti walitembea wakiruka madimbwi. Walipita wauza mahindi ya kuchoma, wakapita kanisa ambalo kwaya ilikuwa ikifanya mazoezi. Mama alisimama kidogo kusikiliza, kisha akaendelea.

"Umekasirika?" Chepng'etich aliuliza hatimaye, kwa Kinandi.

"Nimeumia," mama alijibu. "Kunitaja mimi ndiko kulikoniumiza. Ungesema umekosea, ningekugombeza, tungekula, tungelala."

"Nilidhani Nafula ataniacha."

"Na amekuacha?"

"Ndiyo."

Mama alimshika mkono, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu Chepng'etich alipokuwa mdogo. Mkono wake ulikuwa baridi.

"Hata mimi hapa sina mtu," alisema. "Wewe tu. Jioni ninapokuuliza umefika, nakuwa nimeitazama saa mara nyingi. Kwa hiyo tusidanganyane sisi wawili. Tukidanganyana sisi, tutabaki na nani?"

Walitembea hivyo hivyo mpaka nyumbani, na usiku huo walipika pamoja, mmoja akikata sukuma wiki, mwingine akisonga ugali.

Ijumaa asubuhi alimngoja Nafula langoni.

"Mama yangu hakusahau chochote," alimwambia kabla hajapita. "Nilikudanganya. Na ile ya bure pia sikuwa na hakika. Naomba msamaha."

Nafula alisugua kiatu chake kwenye kokoto. "Mama ameniambia yote. Ameniambia nisikukasirikie."

"Asante."

"Lakini bado nimekasirika," Nafula alisema. "Mama hakwenda Lubao wiki nzima. Alilia, na mimi ndiye niliyemwona."

"Sawa," Chepng'etich alisema. Nafula aliingia darasani, akaketi dawati la mbele.

Zilipita wiki mbili. Chepng'etich aliendelea kula karibu na bomba. Upweke ulikuwa uleule, ila hakuwa tena na kitu cha kuficha, na aliweza kuinua macho mtu akimtazama. Siku moja msichana mmoja, Winrose, alimuuliza kama anaelewa hesabu za sehemu. Alimwonyesha anachokielewa, na pale asipoelewa wakakwama pamoja. Haukuwa urafiki bado. Walikuwa tu watu wawili na swali moja gumu.

Mwisho wa mwezi ulipokaribia, Wakili Makhanu alimpa mama barua ya kazi ya kudumu. Mama aliisoma akiwa amesimama, akaikunja, akaendelea kuchapa. Lakini jioni hiyo alinunua nyama.

Ijumaa ya mwisho Chepng'etich alikuta ngazi za ofisi zimejaa watu. Wazee walikuwa wameketi na fimbo zao, akina mama na watoto wachanga, kila mtu na karatasi zake ndani ya mfuko wa plastiki. Mlangoni palikuwa na tangazo jipya la herufi kubwa. Katikati ya ngazi aliketi Mama Nafula na bahasha mapajani, na kando yake Nafula, akiwa bado na sare ya shule.

"Shikamoo, Mama Nafula."

"Marahaba, mwanangu wa Lugari. Hujambo?"

"Sijambo."

Nafula alitazama ukuta. Mama Nafula alimwita Chepng'etich kwa kidole, akamsogezea bahasha.

"Hebu niambie. Cheti cha kifo ninacho. Cheti cha ndoa sina, tulioana kimila tu. Hapo wakili atanisaidia bila malipo, au kuna cha kulipa?"

Watu waliokuwa karibu waligeuka, wakitaka kusikia jibu pia. Chepng'etich aliwatazama mmoja mmoja, kisha akamtazama Mama Nafula. Nafula naye alikuwa ameacha kutazama ukuta.

"Sijui," alisema. "Nitamuuliza mama, kisha nitakuja kukuambia."

Alipanda, akauliza, akashuka. "Mama anasema ushauri wa leo ni bure kabisa. Wakili atakuambia utafanyaje kuhusu ndoa ya kimila. Lakini kesi ikianza kutakuwa na malipo ya mahakama. Bei zake mama atakuandikia kabla hujakubali chochote."

Mama Nafula aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu anayepima uzito wa kitu mkononi.

"Mnaona, watoto?" alisema, akiwatazama wote wawili. "Siku ile ulinipa jibu tamu, nikaenda nyumbani nikiimba, na baadaye likanitoa machozi. Leo umeniambia hujui, ukaenda kuuliza, na sasa naweza kupanga mambo yangu. Mtu akikujia na shida, usimpe kinachomfurahisha ili akupende. Mpe kilicho kweli. Kama hukijui, mwambie hujui. Na ukikosea, beba kosa lako mwenyewe, usimtwike mama yako. Kwa hilo la mwisho, nilikuona ukitoka kwenye kile chumba. Si rahisi. Hata watu wazima wengi wangebaki ndani."

"Mama, watu wanasikia," Nafula alilalamika.

"Wacha wasikie. Hawakulipa kuingia." Mzee mmoja aliyekaa nyuma yao alicheka, na wengine wakamfuata.

Jina la Mama Nafula liliitwa. Alijikung'uta leso, akapanda na bahasha yake. Kwenye ngazi pakabaki nafasi pana kati ya Nafula na ukuta. Chepng'etich alisimama, mkoba begani, bila kujua kama aende kwenye chumba cha faili au abaki.

"Utasimama mpaka lini?" Nafula aliuliza kwa ile sauti yake nzito. Alikuwa bado hajatabasamu, lakini alikuwa amejisogeza. "Unawazibia watu njia. Keti."

Chepng'etich aliketi.